Penzi Lisilo na Kizuizi Halina Riwaya

Wengi wanaoniletea miswada yao huanza kwa kujitetea. Ni hadithi ya mapenzi tu, wananiambia, sijui kama inafaa kuitwa riwaya. Ikiwa nawe umeficha daftari lako chini ya godoro kwa haya hiyo hiyo, litoe. Riwaya ya Kiswahili imekwenda na mapenzi miaka nenda miaka rudi. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na ikapigwa marufuku shuleni kwa muda, ni habari ya binti, wanaume wanaomzunguka, na baba ambaye malezi kwake ni fimbo. Zainab Burhani alitupa Mali ya Maskini mwaka 1981 na Mwisho wa Kosa mwaka 1987. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999, imejaa siasa za kupinga ukoloni Unguja, lakini mimi walionifanya nikeshe ni Yasmin na Denge, na wasomaji wenzangu wengi wananiambia hivyo hivyo. Kwa hiyo usimwombe mtu radhi. Jifunze kazi.

Kazi yenyewe inaanza na swali ambalo ningependa uliandike juu kabisa ya ukurasa wa kwanza: kwa nini wawili hawa hawawezi kuwa pamoja leo? Mwandishi anayeanza hujaza kurasa nyingi za macho, mwendo na sauti ya mpenzi, kisha anakwama, anaamini hana kipaji. Kipaji anacho. Alichokosa ni kizuizi. Watu wawili wanaopendana, hawana wa kuwazuia, na nafsi zao zimetulia, wanaoana Jumamosi na hadithi imekwisha. Mtazame Yasmin: binti wa Kihindi aliyeozwa angali mdogo kwa mwenye duka anayemzidi umri mbali mno, akakimbia, jamaa zake wakamkataa, kisha moyo wake ukamwelemea Denge, Mwafrika anayesakwa na polisi wa mkoloni. Adam Shafi hakuwa na haja ya kutafuta vituko. Kila wawili hao wanapotaka kukaa pamoja hata saa moja, kuna ukuta.

Kizuizi kizuri kina upande wa nje na upande wa ndani. Wa nje unaonekana na kila mtu: dini, kabila, mahari, umbali, mke aliyetangulia. Wa ndani anaujua mhusika peke yake, na huo ndio unaobeba riwaya. Tuchukue mfano tuujenge pamoja. Salma anauza vitenge katika duka la mjomba wake, Kariakoo. Yohana ni fundi, cherehani yake iko barazani pa duka hilo hilo. Dini zao mbili, basi msomaji ameshauona ukuta wa kwanza kabla hujauandika, na anadhani anajua wazee watapiga kelele gani. Ukiishia hapo utakuwa umeandika riwaya aliyokwisha kuisoma. Sasa ongeza hili: baba yake Salma alifariki mapema, na aliyemlipia ada mpaka kidato cha nne ni huyo mjomba, mtu mpole ambaye hajawahi kumdai chochote. Ana kijana wake wa kiume, na siku moja alisema, tena akicheka, kwamba nyumba ingependeza Salma akibaki humo humo. Hakurudia tena. Hakuna aliyemlazimisha Salma, hakuna aliyemtishia. Yeye mwenyewe ndiye asiyelala, kwa sababu kila akimfikiria Yohana anaziona sare za shule zilizonunuliwa na mjomba.

Sasa una riwaya mkononi, na sharti lake ni moja: mjomba asiwe mtu mbaya. Hapa ndipo ninapogombana na miswada mingi. Inakuja na mama mkwe mchawi, tajiri mlevi, rafiki mwenye wivu anayetia sumu kwenye juisi. Adui wa namna hiyo anamrahisishia mhusika wako maisha, maana msomaji atamruhusu afanye lolote ili aponyoke. Mjomba mwema hampi ruhusa hiyo. Anayekupenda akikuzuia, huna pa kupeleka hasira, na msomaji atakesha na wewe aone utapitia wapi.

Ukishapata kizuizi, shuka kwenye onyesho moja na ulitazame kwa karibu. Rasimu ya kwanza ya karibu kila mtu husomeka hivi:

Salma alimpenda sana Yohana. Kila alipomwona, moyo wake ulimwenda mbio. Alijua hawezi kuishi bila yeye.

Hakuna kosa la sarufi hapo, na hakuna Salma pia. Sentensi hizo zinamfaa yeyote, awe wa Kariakoo au wa Kisangani. Rudi barazani, utazame mikono ya watu inafanya nini:

Yohana alimkabidhi gauni likiwa limekunjwa. "Nimeacha akiba kwenye mshono," alisema. "Ukitaka kulitanua baadaye, kitambaa kipo."

Salma aligeuza pindo. Uzi ulikuwa wa rangi ile ile ya kitambaa, rangi aliyoitafuta Kariakoo nzima akaikosa.

"Huu uzi umeupata wapi?"

"Temeke."

"Kwani siku hizi unakaa Temeke?"

"Hapana."

Kutoka ndani, mjomba aliuliza kama hesabu za jana zimeshafungwa.

Hakuna aliyetamka kwamba anapenda. Mtu amepanda daladala mpaka Temeke kwa ajili ya uzi, na jibu lake la neno moja limesema yaliyobaki. Kizuizi nacho kimeingia kwa sauti tu, kikiuliza habari za hesabu. Ndivyo watu wetu wengi wanavyopendana, kwa vitendo na kwa mafumbo. Mwanamke wa pwani anaweza kujibu maneno ya wiki nzima kwa jina la kanga aliyojitanda asubuhi, aliyekusudiwa akasoma, jirani asijue kitu. Una urithi mkubwa wa kusema bila kusema, utumie. Na una barua ya posa, mshenga, kikao cha mahari, kamati ya harusi na michango yake. Pale wamekaa watu wengi, kuna fedha mezani, na heshima ya koo mbili iko hatarini. Nasikitika kila ninapoona mwandishi ameyaruka yote hayo kwa sentensi moja ili afike haraka kwenye pete na keki kama alivyoona kwenye tamthilia za televisheni. Kikao cha mahari peke yake, kikiandikwa na mtu aliyewahi kukaa nyuma ya pazia akisikiliza bei yake ikijadiliwa, kinatosha sura nzima.

Ya chumbani nitayasema kwa ufupi. Mlango ufunguke ikiwa kuna jambo linabadilika humo kati ya wawili: siri inatoka, woga unaisha, mmoja anagundua kuwa alidanganywa. Kama wanatoka vile vile walivyoingia, kitoe kipande hicho, hata kama ndicho marafiki zako walichokipenda zaidi. Na kama unakusudia kitabu kifike shuleni, amua hilo kabla ya kuanza, maana mchapishaji atakuuliza.

Tuje kwenye muda, ambao kila mtu anasema hana. Maneno 500 kwa siku, siku 5 kwa wiki, ni maneno 2,500. Wiki 20 za namna hiyo zinakupa maneno 50,000, nayo ni riwaya kamili. Maneno 500 ni kama kurasa mbili za daftari la mistari. Tafuta saa ambayo nyumba haikuhitaji, iwe kabla ya adhana ya alfajiri au baada ya watoto kulala, na saa hiyo iheshimiwe hata siku ambayo hujisikii. Ukiumwa, lala. Ukikosa hamu tu, kaa uandike hayo 500 mabaya. Kurasa mbaya zinarekebishika, na huwezi kurekebisha kitu ambacho hakijaandikwa.

Sura ya kwanza imewafunga wengi. Wanaiandika upya mwaka mzima, inang'aa, na ya pili haijazaliwa. Ukianza kazi, soma ukurasa mmoja tu wa jana ili upate sauti, kisha songa mbele. Ukikumbuka katikati kwamba Yohana alitakiwa kuwa na dada, andika pembeni "dada, sura ya 2" na uendelee kana kwamba dada amekuwepo siku zote. Utarudi kumwingiza.

Na kalamu si lazima. Barbara Cartland, Mwingereza aliyeacha vitabu zaidi ya 700, vingi vikiwa riwaya za mapenzi, alikuwa akijilaza kwenye kochi na kusimulia, katibu wake akiandika. Wewe huna katibu, lakini simu yako ina kinasa sauti. Mazungumzo hasa hutoka vizuri kwa mdomo: unapopalia mkaa, unaposubiri basi, wape Salma na mjomba wake sauti, warekodi, jioni uyanakili. Utashangaa jinsi watu wanavyokatizana maneno yanaposemwa kwa sauti, na jinsi kwenye karatasi walivyokuwa wakisubiriana kwa adabu kama wako mahakamani.

Wanawake wenzangu huniuliza zaidi habari ya ruhusa kuliko habari ya muda. Ruhusa ya mume, ya mama, ya mtaa. Ninawasimulia habari za Balaraba Ramat Yakubu wa Kano, kaskazini mwa Nigeria. Aliozwa akiwa msichana mdogo, akaachika, akajifunza kusoma na kuandika ukubwani, kisha akawa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kuchapisha riwaya kwa Kihausa. Kuanzia miaka ya 1980 waandishi wa huko walichapa vijitabu vyembamba kwa fedha zao, wakaviuza sokoni, wakasimulia ndoa za kulazimishwa na uke wenza kwa wasomaji ambao hakuna mtu mwingine aliyekuwa akiwaandikia. Walisemwa sana. Mwaka 2007 vitabu vya namna hiyo vilichomwa moto hadharani mjini Kano. Uandishi huo haukufa, na wanaoufanya kwa wingi ni wanawake.

Kwa nyumba yako mwenyewe, ushauri wangu ni huu. Watakuuliza Yohana ni nani, tena watauliza mbele ya watu. Ikiwa mhusika amechukua sura ya mtu halisi, mbadilishie kazi, mji na ukoo katika rasimu ya pili, si baada ya kitabu kuchapwa. Mume au mchumba mwambie mapema unachoandika, ukiwa umetulia, lakini usimpe mswada ausome. Msomaji wako wa kwanza awe mtu anayesoma hadithi za mapenzi kwa raha zake na asiyekuonea haya. Usimuulize kama kitabu ni kizuri, kwa sababu atajibu ndiyo. Muulize ni ukurasa gani aliuacha akashika simu. Hapo ndipo penye ugonjwa.

Kabla ya kumpa, rasimu ipumzike wiki tatu au nne, kisha isome yote kwa sauti. Kila onyesho liulize lile swali la mwanzo: baada ya hapa, kizuizi kimekua, kimepungua, au kimebaki palepale? Lililoacha kila kitu palepale liondoke, hata kama lina maneno matamu. Kisha pitia lugha. Miswada inarudishwa kwa sababu ya "alafu", "uyu" na "mala moja" kwenye ukurasa wa kwanza, kabla mhariri hajafika kwa wahusika. Mtu wa Pemba azungumze kama mtu wa Pemba na wa Sinza kama wa Sinza, lakini msimulizi wako awe na Kiswahili safi. Kama huna uwezo wa kumlipa mhariri, tafuta mwalimu wa Kiswahili mstaafu mtaani kwako. Wapo wanaoifanya kazi hiyo kwa moyo, na mlipe hata kidogo.

Kuhusu kumfikia msomaji, wengi siku hizi wanaanza na simulizi za simu: makundi ya WhatsApp, sehemu ya kwanza bure, zinazofuata kwa M-Pesa. Wapo wanaoidharau njia hii, mimi naiheshimu. Magazeti yetu yaliwakuza waandishi kwa hadithi za "itaendelea", na Eric Shigongo alipata wasomaji wengi mno kwa njia hiyo. Mfululizo unakufundisha kumaliza kila sehemu mahali ambapo msomaji hawezi kulala. Lakini maliza rasimu yote kabla ya kurusha sehemu ya kwanza, la sivyo wasomaji watakuburuza: watataka Salma aolewe wiki ijayo, nawe kwa kuogopa kuwapoteza utamwoza. Na ukija kuzikusanya sehemu hizo ziwe kitabu, usiziunganishe hivyo hivyo. Futa mihtasari ya "ilipoishia", punguza milipuko ya kila baada ya kurasa nne, upe onyesho nafasi ya kupumua. Ni kazi ya miezi, na ndiyo inayotofautisha riwaya na rundo la sehemu.

Utaibiwa pia. Mtu atakopi, atafuta jina lako, ataweka lake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda kazi yako tangu unapoiandika, na ulinzi huo unaendelea miaka 50 baada ya kifo chako. Kinachokosekana kwa wengi ni ushahidi. Tunza rasimu zenye tarehe, jitumie mswada kwa barua pepe, na uusajili kwenye ofisi ya hakimiliki: COSOTA kwa Tanzania, au KECOBO kwa aliye Kenya.

Ukienda kwa mchapishaji, elewa kuwa wachapishaji wengi wa Kiswahili wanaishi kwa vitabu vya shule, kwa hiyo riwaya ya mapenzi ya watu wazima inabisha hodi kwenye mlango mzito. Bisha hata hivyo. Ukikubaliwa, usisaini siku hiyo hiyo kwa furaha. Uliza mrabaha ni asilimia ngapi, na inahesabiwa juu ya bei ya kitabu au juu ya kinachobaki baada ya makato ya wauza vitabu. Tofauti yake ni kubwa. Uliza nani anabaki na haki za filamu, tafsiri, kitabu cha sauti na kitabu cha kielektroniki. Mwaka 2021 Vuta N'kuvute ilitoka kama filamu iliyoongozwa na Amil Shivji, zaidi ya miaka 20 baada ya kitabu kuchapwa. Haki unayoiachia leo kwa kutoijua inaweza kudaiwa na wajukuu zako.

Ukiamua kujichapishia, namba ya ISBN unaipata Bodi ya Huduma za Maktaba kwa Tanzania, na kwa Kenya inatolewa na idara ya maktaba za taifa. Bei ya nakala moja hushuka kadiri unavyochapa nyingi, na hapo ndipo watu wanaponaswa: wanachapa elfu moja ili wapate nafuu, mia nane zinalala chumbani zikila vumbi. Chukua oda na fedha kwanza, hata za watu hamsini, ndipo uzungumze na kiwanda. Jalada usimwachie mpwa wako anayejua kompyuta. Lipia mchoraji.

Halafu kuna tuzo, ambazo watu wanaziogopa bila sababu. Mwaka 2015, tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ilipotolewa kwa mara ya kwanza, mshindi wa kwanza upande wa riwaya alikuwa Anna Samwel Manyanza, na kitabu chake kiliitwa Penzi la Damu. Tuzo hiyo, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell, imekuwa ikipokea pamoja na vitabu miswada ambayo haijachapwa, maana yake huhitaji kuwa na mchapishaji ili ushindane. Tanzania kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, nayo ina nafasi ya riwaya. Soma masharti neno kwa neno: idadi ya maneno, aina ya faili, kama jina lako linaruhusiwa kuonekana kwenye mswada. Watu wenye kazi nzuri hutolewa kwa hayo. Chukua tarehe ya mwisho ya kupokea kazi, hesabu kurudi nyuma wiki 20 za kuandika, wiki nne za kuipumzisha rasimu, na wiki nane za kuandika upya na kuhariri. Tarehe utakayoangukia ndiyo ya kuanza sura ya kwanza.